Clonezilla, FOG au ya kulipia: ipi inafaa kunakili diski kwenye mashine nyingi?

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, mafundi wengi wamejikuta na kazi ileile: kufuta mfumo wa zamani kwenye kompyuta za maabara, ofisi au chumba cha mafunzo, kisha kuweka mpya, zote zifanane. Mashine tatu hazina shida. Unakaa nazo moja moja, unaweka Windows, Office, draiva na printa, jioni umemaliza. Zikiwa ishirini au thelathini, njia hiyo inakumalizia wiki. Hapo ndipo unaandaa mashine moja ya mfano, unanakili diski yake nzima na kuibana kuwa imeji, halafu unaimwaga imeji hiyo kwenye mashine zote zilizobaki.

Programu za kufanya hivyo zimejaa tele. Ukizisoma kwenye matangazo yake utadhani zinashindana kwa kasi, lakini kasi yake karibu ni moja, kwa sababu kinachoibana kazi ni diski na waya. Tofauti ninayoiona mimi iko kwingine: wewe ni fundi unayekuja, kufanya kazi na kuondoka, au ndiye utakayekaa na mashine hizo mwaka mzima, kila moja ikiharibika unaitwa wewe? Ukijibu hilo kwa ukweli, nusu ya uchaguzi umekwisha.

Kwanza tuziondoe zisizohusika

Majina yanayojitokeza mwanzo mtu akitafuta ni EaseUS, AOMEI Backupper, Macrium Reflect, Acronis True Image, pamoja na vile vijiprogramu vinavyotolewa na watengenezaji wa SSD. Samsung wana cha kwao; Crucial na WD huwapa wateja wao toleo la Acronis. Zote hizo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja anayehamisha mfumo wake kutoka diski ya zamani kwenda mpya. Kwa kazi hiyo ni nzuri, zina madirisha ya kawaida ya Windows na hazimtishi mtu. Ila mashine thelathini maana yake ni kurudia kazi mara thelathini, na leseni nyingi za bure zinakataza matumizi ya ofisini.

Macrium Reflect Free naitaja peke yake kwa sababu bado inapendekezwa kwa mazoea. Kampuni iliacha hata kuipa masasisho ya usalama Januari 2024, na Reflect X iliyotoka Oktoba mwaka huohuo ni ya kulipia kwa vipindi. Anayekupa faili la Free la zamani kwenye flashi anakupa programu isiyotunzwa na mtu.

Rescuezilla nayo ni ya mashine moja kwa wakati, lakini ihifadhi kwenye flashi yako. Inafungua imeji zilizotengenezwa na Clonezilla, kwa madirisha na kipanya, na inakuwezesha kuingia ndani ya imeji ukachukua faili moja tu. Clonezilla yenyewe haikupi nafasi hiyo.

Vipo pia vile vituo vidogo vyenye matundu mawili ya diski: unachomeka ya mfano na tupu, unabonyeza kitufe, unasubiri taa. Kinanakili kila kitu hadi nafasi tupu, na kila mashine lazima ifunguliwe ili diski ichomolewe. Ukiwa na diski mpya bado ziko kwenye maboksi, kinafaa. Mashine zikiwa tayari zimefungwa na kupangwa mezani, achana nacho.

Clonezilla: ya fundi anayepita

Clonezilla imetoka Taiwan, katika kituo cha taifa cha kompyuta zenye uwezo mkubwa kinachoitwa NCHC. Ni programu huria, haina toleo la kulipia lililofichwa nyuma ya la bure. Huiweki kwenye Windows. Unaiweka kwenye flashi, unaiwasha mashine kutoka hapo, nayo inapakia Linux ndogo na kukuletea menyu za maandishi, skrini ya buluu kama za miaka ya 1990. Watu wengi wanaishia hapo kwa woga, wakati maswali yenyewe ni machache na mengi unayajibu kwa kubonyeza Enter.

Nguvu yake ni kwamba inausoma mfumo wa faili na kuchukua sehemu zenye data tu. Diski ya GB 500 iliyotumika GB 35 inaweza kutoa imeji ya GB 20 hivi baada ya kubanwa. Inazijua NTFS za Windows, ext4 na Btrfs za Linux, na nyingine nyingi. Isipoijua aina ya mfumo wa faili, yenyewe inanakili kila kipande kama kilivyo, polepole lakini inafika.

Kwa mashine nyingi, chaguo la kulitafuta kwenye menyu ni la lite server. Laptopu yako inageuka seva kwa muda: inagawa anwani za mtandao au inatumia zinazogawiwa na rauta iliyopo, mashine nyingine zinawaka kupitia waya wa mtandao, zinasubiriana, halafu zote zinapokea imeji kwa pamoja. Kazi ikiisha unazima laptopu, unachomoa flashi, unaaga. Mteja hana seva mpya ya kutunza, na hapakubaki kitu cha kuharibika baada ya wewe kuondoka. Kwa fundi anayezunguka shule hii kesho ile, sijaona kinachoifikia.

Udhaifu wake unatokana na tabia hiyohiyo. Haikumbuki chochote. Haijui kwamba mashine hii inaitwa LAB-07 na ile ni ya mhasibu. Hainakili mabadiliko peke yake: ukitaka kuongeza programu moja kwenye imeji, unaitengeneza imeji upya. Na inaziita diski kwa majina ya Linux, sda, sdb, nvme0n1, kwa hiyo diski mbili za kampuni moja na ukubwa mmoja zinafanana mno kwenye orodha. Itakuuliza mara mbili kabla ya kufuta. Kabla hujajibu ndiyo, linganisha namba ya diski iliyoandikwa pembeni na ile iliyobandikwa juu ya diski yenyewe.

FOG: ya fundi anayekaa

FOG ilianza mwaka 2007, mikononi mwa Chuck Syperski na Jian Zhang, nayo ni huria. Chini yake inatumia chombo kilekile cha kunakili ambacho Clonezilla inakitumia, Partclone, ndiyo maana ubora wa nakala ni uleule. Inachoongeza ni kumbukumbu na utawala.

Unatafuta mashine moja, hata ya mtumba, yenye diski kubwa na Linux ya Debian au Ubuntu. Unaweka FOG, nayo inakaa hapo daima. Kila kompyuta ya maabara inawashwa kupitia mtandao mara moja ili ijisajili. FOG inaandika anwani ya kadi yake ya mtandao (MAC), modeli, RAM na diski. Kuanzia siku hiyo unatawala kwa kivinjari. Unachagua kundi la mashine, unachagua imeji, unapanga saa nane usiku. FOG inaziamsha zenyewe kwa mtandao, inazimwagia imeji, na asubuhi wanafunzi wanazikuta safi. Ukiweka kijiprogramu chake ndani ya Windows, kila mashine inarudishiwa jina lake na kuingizwa kwenye domeini, yaani kundi la mashine za ofisi zinazosimamiwa pamoja, bila wewe kuisogelea. Unaweza pia kusukuma programu moja kwenye mashine zote bila kugusa imeji.

Jambo la pili ambalo FOG inalifanya vizuri kuliko mwenzake ni ukubwa wa diski. Ukichagua aina ya imeji inayojibana, FOG inapunguza patisheni, yaani sehemu ambazo diski imegawanywa, kabla ya kunakili na kuzitanua inapozirudisha, kwa hiyo imeji iliyotoka kwenye HDD ya GB 500 inaingia kwenye SSD ya GB 240 bila wewe kufanya hesabu. Kwenye Clonezilla, diski inayopokea inatakiwa iwe sawa au kubwa kuliko ya mfano. Kuna njia ya kuizunguka: unapunguza patisheni kwa mkono kwanza, kisha kwenye hali ya wataalamu unaiambia isikague ukubwa na igawe patisheni kwa uwiano. Inawezekana, ila si ya kumwachia mtu anayejifunza. Mimi katika hali zote mbili naandaa mashine ya mfano kwenye diski ndogo kuliko zote zilizopo, na tatizo linakwisha kabla halijaanza.

Ugumu wa FOG unakuja siku ya kwanza. Ili mashine ziione seva, kigawa anwani cha mtandao lazima kiziambie iko wapi, yaani chaguo namba 66 na 67 za DHCP, huduma inayogawa anwani hizo. Rauta nyingi za kawaida zinazotolewa na kampuni za intaneti hazina sehemu ya kuandika hayo. Itabidi uweke programu ndogo ya dnsmasq kwenye seva ya FOG ili ijibu kwa niaba ya rauta. Secure Boot, ulinzi unaozuia mashine kuwaka kwa mfumo usiotambulika, kwa kawaida inabidi izimwe kwenye BIOS (mipangilio ya msingi) ya kila mashine, na mtandao uwekwe wa kwanza kwenye mpangilio wa kuwaka. Mashine thelathini, BIOS thelathini, kwa mkono. Hiyo ni kazi ya mara moja, lakini ni siku nzima. Wakati uko hapo, badilisha nywila ya FOG: inakuja na jina la mtumiaji fog na nywila password, na kila aliyewahi kusoma maelekezo yake anaijua.

Kwa hiyo fundi wa kupita asiwaachie watu FOG. Seva ya Linux isiyo na mwenyewe inazimwa siku mtu anapohitaji soketi ya umeme, na baada ya hapo hakuna anayekumbuka ilikuwa ya nini.

Waya na swichi ndivyo vinavyoamua muda

Hapa ndipo watu wanailaumu programu bure. Chukua imeji ya GB 20 na mashine 30.

Mtandao wa gigabiti, ukiutumia vizuri, unapitisha takriban MB 110 kwa sekunde. Seva ikiihudumia kila mashine peke yake, inatuma GB 600 kwa jumla, yaani kama saa moja na nusu. Si vibaya. Mtandao wa megabiti 100 unapitisha kama MB 11 kwa sekunde, na GB 600 zilezile zinachukua saa 15. Hiyo ni usiku kucha na asubuhi yake.

Dawa ni maltikasti: seva inatuma mkondo mmoja tu, na mashine zote zinausikiliza kwa pamoja. Kwa gigabiti GB 20 hizo zinapita ndani ya dakika tatu au nne kwenye waya, kisha diski ndizo zinazochelewesha, hasa HDD. Kwa megabiti 100 ni nusu saa, ziwe mashine tano au thelathini. NCHC wenyewe waliwahi kuripoti kumwaga imeji ya GB 5.6 kwenye kompyuta 40 za darasa lao kwa dakika kama 10. Ukigawanya utaona ni karibu MB 9 kwa sekunde, kasi ya mtandao wa megabiti 100.

Clonezilla na FOG zote zinafanya maltikasti, na zote zina masharti yaleyale. Mashine inayokwenda polepole kuliko zote ndiyo inayoweka mwendo wa kundi zima. Diski moja inayokaribia kufa inawachelewesha wenzake 29. Itoe, uihudumie peke yake. Swichi za bei nafuu zisizo na mipangilio kwa kawaida hazisumbui, zinarusha data kila tundu. Zile za ofisi kubwa, zenye mipangilio, zinaweza kuzuia maltikasti hadi mtu arekebishe sehemu ya IGMP inayoisimamia. Wi-Fi isahau kabisa. Na waya uliobanwa nyuzi nne badala ya nane utakushusha hadi megabiti 100 hata kama swichi imeandikwa gigabiti kwa herufi kubwa. Taa ya tundu kwenye swichi hubadilika rangi kufuata kasi. Ipitie kwa macho kabla hujaanza.

Clonezilla ina njia ya tatu ambayo kwa maabara zetu naiona inafaa zaidi: lite server inaweza kugawa imeji kwa mtindo wa BitTorrent. Mashine iliyokwisha kupata kipande inawapa wenzake, hivyo mzigo hauilemei laptopu yako peke yake, na mashine dhaifu inajichelewesha yenyewe tu. Swichi ikiwa nzuri, muda unakaribiana na wa maltikasti bila usumbufu wake.

Kuna hesabu moja inayowashangaza watu. Tundu la USB 2.0, lile la zamani, linapitisha kama MB 30 kwa sekunde, karibu mara tatu ya mtandao wa megabiti 100. Kwa hiyo ukiwa na mashine saba au nane na swichi ya zamani, nunua flashi tatu, weka Clonezilla na imeji kwenye kila moja, uzungushe. Utamaliza kabla hujapata jibu kwa nini mashine ya nne haiwaki kupitia mtandao.

Umeme nao ni sehemu ya mtandao. Ukikatika katikati ya kazi, programu zote mbili zinaanza upya kwa mashine husika. Hakuna kuendelea palipoishia. Seva iwe laptopu yenye betri nzima, na swichi ichomekwe kwenye UPS, vinginevyo laptopu itabaki inawaka peke yake ikiongea na giza.

Baada ya kunakili: hapa ndipo kazi ilipo

Nakala kamili ni kamili mno. Inabeba jina la mashine, utambulisho wa Windows unaoitwa SID, na kila alama ya siri ambayo ilitakiwa kuwa ya mashine moja tu.

Kwa miaka mingi mafundi waliruka hatua ya kusafisha utambulisho huo, na walikuwa na sababu. Mwaka 2009 Mark Russinovich wa Microsoft aliandika kwamba SID za mashine kufanana si tatizo kama watu walivyodhani, akaistaafisha NewSID, programu yake mwenyewe ya kuzibadilisha. Microsoft iliendelea kusema njia inayoungwa mkono ni Sysprep, chombo cha Windows cha kuondoa utambulisho wa mashine kabla ya kunakili, lakini nani alisikiliza? Mashine zilifanya kazi.

Sasa hazifanyi. Kuanzia masasisho ya tarehe 29 Agosti 2025, Windows 11 za 24H2 na 25H2 pamoja na Windows Server 2025 zinakagua SID wakati mashine moja inapojitambulisha kwa nyingine, na zikifanana zinakataa. Kila kompyuta peke yake inawaka vizuri, mtumiaji anaingia, kila mtu anafurahi. Mtu akijaribu kufungua folda ya pamoja, au kuingia mashine ya pili kwa mbali, anaambiwa nywila si sahihi, ingawa ni sahihi. Fundi asiyejua habari hii atahangaika na nywila, ngome ya mtandao na waya, wakati kosa lilifanyika siku ya kunakili. Tiba ya kudumu ni kuzitengeneza upya mashine zilizofanana.

Clonezilla na FOG kwa zenyewe hazikutengenezei SID mpya. Zinahamisha diski, basi. Kwa hiyo yoyote utakayochagua, mashine ya mfano ipitishe Sysprep kwa chaguo la generalize kabla ya kunakili. Sysprep nayo ina vituko vyake. Inagoma ikikuta programu ya Microsoft Store iliyowekwa kwa mtumiaji mmoja tu, na inagoma ikikuta BitLocker, usimbaji wa diski wa Windows, imewashwa. Iandae mashine ya mfano katika hali ya ukaguzi, ile unayoingia kwa kubonyeza Ctrl, Shift na F3 kwenye skrini ya kwanza ya Windows mpya, na ikiwezekana usiiunganishe na intaneti hadi umalize. Bora zaidi, iandae ndani ya VirtualBox: unahifadhi hali yake kabla ya Sysprep, na mwezi ujao ukitaka kuongeza programu unarudi hapo badala ya kuanza mwanzo.

BitLocker ina kesi ya pili. Windows 11 mpya hupenda kuwasha usimbaji yenyewe mtu akiingia na akaunti ya Microsoft. Diski iliyosimbwa Partclone haiwezi kujua wapi pana data na wapi patupu, kwa hiyo itanakili GB 500 zote. Izime na usubiri imalize kufungua diski yote. Vilevile, kubonyeza Shut down kwenye Windows mara nyingi hakuizimi kabisa. Inalala nusu ili iamke haraka, na Partclone ikiona NTFS iliyoachwa hivyo inakataa kuigusa. Sysprep ikiizima mashine yenyewe, hili halikupati.

Mashine nyingine hazionyeshi diski kabisa ndani ya Clonezilla wala FOG, hasa za Intel zenye NVMe. Angalia BIOS: hifadhi ikiwa imewekwa kwenye RAID au Intel RST, Linux inaweza isiione hadi ubadilishe iwe AHCI. Badilisha kwenye mashine ya mfano kabla hujaweka Windows, si baadaye, maana Windows iliyozoea mpangilio mmoja inaweza kukataa kuwaka kwenye mwingine.

Wanaotumia Linux wasidhani wamepona. Nakala za Ubuntu zinabeba faili la utambulisho la /etc/machine-id na funguo za SSH (za kuingia kwa mbali) zilezile. Kwenye baadhi ya mipangilio kigawa anwani hulitazama faili hilo, kisha mashine mbili zinagombea anwani moja. Safisha vyote viwili kabla ya kunakili, na uhakikishe vinaundwa upya kwenye kila mashine inapowaka mara ya kwanza.

Za kulipia zinakupa nini?

Acronis Snap Deploy, Ghost Solution Suite ambayo sasa iko chini ya Broadcom, na SmartDeploy ya PDQ ndizo zinazotajwa zaidi. Ghost ndiye babu yao: ilizaliwa New Zealand miaka ya 1990, Symantec wakainunua mwaka 1998, na mafundi wa rika fulani bado wanaita kazi yote hii kughosti.

Unachonunua kwanza ni draiva. Imeji iliyotengenezwa kwenye Dell ikimwagwa kwenye HP au Lenovo inaweza kuwaka bila sauti, bila mtandao, au isiwake. Snap Deploy inaingiza draiva za mashine husika wakati wa kumwaga. SmartDeploy ina vifurushi vya draiva vilivyopangwa kwa modeli. Kwa ofisi yenye mchanganyiko wa mashine za kila aina hilo linaokoa muda mwingi. Cha pili ni kusimamia kila kitu kutoka Windows, bila kuiona Linux. Cha tatu ni mtu wa kumpigia simu. Upande wa leseni, Snap Deploy inatofautisha leseni ya kumwaga mara moja na leseni ya mashine isiyo na kikomo. Soma vizuri kabla ya kulipa, maana maabara inayosafishwa kila muhula itaila ile ya kwanza upesi.

Kama mashine zote ni modeli moja, sioni hoja ya kulipa. Na hata zikichanganyika, Windows 11 ikiwa na intaneti hujitafutia draiva nyingi yenyewe. Hakikisha tu draiva za kadi za mtandao za modeli zote zimo ndani ya imeji.

Microsoft wana njia zao pia. DISM, chombo kilichomo ndani ya Windows, inainakili Windows faili kwa faili, kwa hiyo ukubwa wa diski hauisumbui. Windows Deployment Services iliwahi kuwa chaguo la kawaida la ofisi zenye Windows Server, lakini kwa Windows 11 haikubali tena kutumia boot.wim (faili la kuwashia) ya diski ya usakinishaji kama zamani, na sishauri mtu aijenge upya leo. Kampuni yenyewe inawasukuma watu kwenye Autopilot na Intune, ambako hakuna imeji: kila mashine inavuta mipangilio na programu zake kutoka intaneti. Mashine thelathini zikivuta GB kadhaa kila moja, penye bando la kupimwa, hiyo ni bili.

Leseni ya Windows yenyewe haitolewi na programu yoyote kati ya hizi. Kompyuta nyingi zilizouzwa na Windows 8 au zaidi zina ufunguo ndani ya BIOS, na toleo likilingana zitajithibitisha zikifika mtandaoni. Kisheria lakini, leseni iliyokuja na mashine haikuruhusu kumwaga imeji uliyoitengeneza mwenyewe. Haki hiyo inakuja na mkataba wa leseni za jumla wa Microsoft, hata ukinunua leseni moja tu ya toleo hilohilo. Shirika linalokaguliwa na wafadhili lisilipuuze hili. Na mashine za mtumba ambazo Windows 11 imezikataa kwa kukosa chipu ya usalama ya TPM 2.0 au kwa sababu ya prosesa ya zamani, ziwekee Linux Mint au Ubuntu: hapo hakuna leseni, hakuna Sysprep, na programu mbili za bure zinazimwaga vilevile.

Shule yenye mwalimu mmoja wa TEHAMA anayefundisha pia hisabati iko katikati ya yote haya. Hapiti, lakini hana muda wa kutunza seva. Huyo nampa Clonezilla, flashi mbili zenye imeji ileile, moja kabatini kwake na nyingine ofisi ya mkuu wa shule, pamoja na karatasi ya hatua zilizoandikwa kwa mkono: bonyeza F12, chagua USB, chagua restoredisk, linganisha namba ya diski. Kabla ya kumkabidhi, Clonezilla inapouliza kama ikague imeji inarudishika, ijibu ndiyo, halafu uirudishe kweli kwenye mashine moja ukiwa bado uko hapo.